Kisasili cha Singwaya na Miviga ya Kaya: Uhusiano wa Masimulizi na Ibada katika Itikadi za Wamijikenda

1. Utangulizi

Katika uchambuzi wa fasihi simulizi, kisasili huelezwa kuwa ni masimulizi ya kale yahusuyo asili ya ulimwengu, ya watu au ya desturi fulani, ambayo jamii yenyewe huyachukua kuwa ni ya kweli. Mviga nao huelezwa kuwa ni sherehe au ibada ifanywayo kwa utaratibu maalumu, mahali maalumu na kwa wakati uliowekwa. Fasili hizi zimezoeleka madarasani, na kwa kiasi fulani zinafaa. Kasoro yake ni kwamba zinavitenga vitu viwili ambavyo katika maisha ya watu huenda pamoja. Matokeo ni kuwa kisasili kimeachiwa mwalimu wa fasihi, na mviga ukaachiwa mtaalamu wa mila, na aghalabu wawili hao hawasomani.

Makala haya yanakusudia kuuchunguza uhusiano huo kwa kutumia mfano mmoja, nao ni kisasili cha Singwaya pamoja na miviga ya kaya miongoni mwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya. Hoja inayotolewa ni kwamba kisasili huupa mviga sababu na mipaka, na mviga hukifanya kisasili kiwe jambo la kutendwa, si la kusikilizwa tu. Kimoja kinapotengwa na mwenziwe hakifi papo hapo; hubadili kazi, na mara nyingine kazi hiyo mpya huwa kinyume cha ile ya awali.

2. Maoni ya wataalamu kwa muhtasari

Mjadala kuhusu kipi kilitangulia ni wa siku nyingi. W. Robertson Smith, mwaka 1889, alishikilia kuwa katika dini za kale ibada ndiyo iliyokuwa msingi, na kwamba masimulizi yalizuka baadaye ili kuieleza. Malinowski, mwaka 1926, aliyaona masimulizi kuwa mfano wa hati ya haki: yanathibitisha nani ana mamlaka, nani ana ardhi, na kwa nini desturi ifuatwe. Katika Afrika Mashariki, John Mbiti alieleza mwaka 1969 kuwa dini za Kiafrika hazina msahafu, na kwamba mafundisho yake yamo katika masimulizi, ibada na watu wenyewe. Okot p'Bitek naye aliwaonya wataalamu dhidi ya kuzivika dini hizo mavazi ya kigeni ili zifanane na dini za Ulaya.

Maoni hayo yote yana manufaa. Hata hivyo, swali la kipi kilitangulia halisaidii sana katika mfano wa Singwaya, kwa kuwa hapo mviga umo ndani ya kisasili chenyewe, kama itakavyoonekana.

3. Kisasili cha Singwaya

Wamijikenda ni makundi tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Masimulizi yao yanasema kuwa wazee wao waliishi Singwaya, nchi ya kaskazini ambayo kwa kawaida huwekwa katika eneo la kusini mwa Somalia ya leo. Huko walipakana na Wagala, ambao siku hizi hujulikana kwa jina lao wenyewe la Waoromo. Ugomvi ulizuka baada ya kijana mmoja wa Kigala kuuawa. Wasimulizi wengine husema kuwa aliuawa kwa sababu ya mviga wa kulisimika rika jipya, ambao ulidai damu ya mtu wa nje. Wazee walipokataa kulipa dia, vita vilianza. Watu wakakimbia kusini hadi kwenye vilima vilivyo nyuma ya pwani, na kila kundi likajenga kaya yake ndani ya msitu.

Mambo mawili yanastahili kuangaliwa hapa. La kwanza ni kuwa chanzo cha safari yote ni mviga. Kisasili hakiji baada ya ibada ili kuieleza. Ibada ndiyo inayoyasukuma matukio ya kisasili. La pili ni kuwa masimulizi hayawasifu wazee kupita kiasi. Yanakiri kuwa damu ilimwagwa na kuwa dia haikulipwa. Msikilizaji anafunzwa kwamba mviga una nguvu za kujenga jamii na pia za kuiponza, na kwamba jamii hii ilianza maisha yake mapya ikiwa ya watu waliokimbia.

4. Kaya na fingo

Neno kaya katika lugha za Kimijikenda lina maana ya maskani au mji. Mnenaji wa Kiswahili wa Tanzania analifahamu kwa maana ya watu wa nyumba moja, hasa wakati wa sensa. Maana hizo mbili zinakaribiana: kaya ni mahali panapowafanya watu wawe wamoja. Kwa Wamijikenda, kinachopafanya pawe hivyo ni fingo. Katika Kiswahili fingo ni kago linalofukiwa ardhini, kwa mfano mlangoni mwa nyumba, ili kuwazuia wezi na wachawi. Fingo la kaya ni la watu wote, na masimulizi yanasema kuwa lilibebwa kutoka Singwaya na kuzikwa ndani ya kaya, mahali wanapopajua wazee wachache tu.

Hapa ndipo kisasili na mviga vinapokutana. Bila habari za Singwaya, fingo ni kitu kilichofukiwa tu. Bila fingo na miiko yake, Singwaya ni jina la nchi ya mbali. Anayeingia kaya hupita njia iliyowekwa, huvua viatu na hujifunga nguo nyeusi ya kaniki. Hakati mti, wala halishi mifugo ndani yake. Wakati wa ukame wazee huingia kumwomba Mulungu na koma, yaani mizimu ya waliotangulia, wakitoa sadaka ambayo mara nyingi ni mnyama mweusi, rangi ya wingu la mvua. Mtu anayeyatenda hayo hahitaji kuulizwa kama anaamini kisasili. Miguu yake mitupu imekwisha kujibu.

Matokeo ya miiko hiyo yanaonekana kwa macho. Katika nchi iliyolimwa na kukatwa miti kwa karne nyingi, kaya zimebaki kuwa visiwa vya msitu wa asili. Tangu mwaka 1992 serikali ya Kenya imezitangaza kaya nyingi kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Mwaka 2008 misitu 10 ya kaya, iliyotawanyika katika eneo la kilomita 200 hivi, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka uliofuata, 2009, desturi na ibada za kaya ziliingizwa katika orodha nyingine, ile ya mambo yanayohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Kuwako kwa orodha mbili kunafaa kutafakariwa. Msitu umepata ulinzi wa sheria. Ibada zilizoulinda msitu huo kabla ya sheria kuwapo ndizo zilizo hatarini.

5. Swali la ukweli wa Singwaya

Wanahistoria wamebishana sana juu ya kisasili hiki. R. F. Morton, katika miaka ya 1970, alidai kuwa habari za Singwaya ziliingia katika mapokeo ya Wamijikenda mwishoni mwa karne ya 19, na kwamba hazionekani katika maandishi ya wamisionari wa mwanzo. Yafaa kukumbukwa kuwa mapokeo ya Warabai yaliwahi kuitaja Rombo, Uchagani, kuwa ndiyo asili yao. Thomas Spear alimpinga Morton, na katika kitabu chake cha mwaka 1978 aliyatetea mapokeo ya Singwaya kuwa ni kumbukumbu ya uhamaji wa kweli. Wanaisimu nao wameonyesha kuwa lugha za Kimijikenda ni za tawi moja na Kiswahili, Kipokomo na Kikomoro. Kwa upande mwingine, uchimbaji wa mabaki ya kale umethibitisha kuwa wakulima waliishi bara ya Mombasa na Kilifi tangu milenia ya kwanza, kabla ya tarehe zinazokisiwa za safari ya kutoka Singwaya.

Mjadala huo hauwezi kumalizwa hapa. Linalohusu makala haya ni badiliko la kazi ya kisasili. Katika karne ya 19 watu wengi walizihama kaya, wakaenda kulima na kufanya biashara, na miviga mikubwa ya rika ikakoma. Kisasili hakikukoma. Kilipokosa mviga wa rika wa kuuhalalisha, kilianza kuhalalisha jambo jingine, yaani umoja wa makundi yote tisa. Jina Mijikenda lenyewe, lenye maana ya miji tisa, lilienea katika miaka ya 1940, likachukua nafasi ya jina Wanyika ambalo wenyewe waliliona kuwa la dharau. Kisasili kilichokuwa sheria ya kaya kikawa kitambulisho cha kabila. David Parkin, katika utafiti wake wa mwaka 1991 kuhusu Wagiriama, alieleza jinsi kaya iliyo tupu, isiyokaliwa na watu, ilivyoendelea kuwa kitovu cha fikira zao.

6. Viapo vya 1913 na 1997

Mviga nao hubadili kazi unapotengwa na kisasili chake. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya Wagiriama katika Kaya Fungo na kuwalisha viapo, wanawake cha kwao na wanaume cha kwao, ili wapinge kodi na kazi za kulazimishwa. Viapo hivyo viliambatana na wito wa kuurudisha utaratibu wa wazee. Serikali ya kikoloni iliitambua nguvu yake: iliwakamata viongozi hao, na mwezi Agosti 1914 ikaibomoa kaya kwa baruti. Baruti iliharibu miti na majengo, lakini haikuwafanya watu waache kupaheshimu mahali hapo.

Mwezi Agosti 1997 viapo vilitajwa tena, safari hii kuhusiana na Kaya Bombo, huko Kwale. Vijana waliokuwa wameapishwa walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na baadaye makazi ya watu, hasa ya wale waliotoka bara. Makumi ya watu waliuawa na maelfu wakayahama makazi yao. Umbo la mviga lilikuwa lile lile: msitu, siri, dawa ya kujikinga na silaha. Kilichokosekana ni kisasili. Habari za Singwaya ni habari za wageni waliofukuzwa kwao wakatafuta pa kujificha. Anayezikumbuka kwa ukamilifu hawezi kwa urahisi kuzitumia kumfukuza mgeni mwingine. Mviga uliobaki bila masimulizi yake ukawa chombo tupu ambacho mtu yeyote mwenye shabaha yake angeweza kukijaza.

7. Mfano wa vigango

Mfano wa mwisho unahusu vitu. Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa na kusimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa chama cha Gohu, aghalabu baada ya koma wake kuwatokea jamaa zake ndotoni au kuwaletea maradhi. Kikishasimikwa, hakihamishwi. Hata hivyo, katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 vigango vingi viliibwa na kuuzwa, na vingine vikafika katika majumba ya makumbusho ya Marekani, ambako vilitazamwa kama sanaa ya uchongaji. Viwili vilirudishwa Kenya mwaka 2007, na vingine 30 vikarudishwa mwaka 2019 kutoka Denver. Tatizo lililozuka ni la habari: ni vigumu kujua kigango kipi kilitoka katika boma lipi na kilikuwa cha mzee gani, kwa sababu waliokichukua hawakuyachukua maelezo yake.

8. Hitimisho

Mifano iliyotolewa inaonyesha kuwa itikadi ya dini haikai katika masimulizi peke yake, wala katika ibada peke yake. Inakaa katika mfungamano wao, na utamaduni hubadilika pale mfungamano huo unapolegea. Kwa wanafunzi na walimu wa lugha, jambo hili lina maana ya kikazi. Kisasili kilichonakiliwa bila kutaja msimulizi, mahali, wakati, mviga kinaoambatana nao na watu wasioruhusiwa kukisikia, kimeandikwa nusu. Yafaa watafiti wa fasihi simulizi waingize mambo hayo katika kila andiko, na pale wazee wanapoificha sehemu fulani, waandike kuwa imefichwa badala ya kuijaza kwa kukisia.

Haja hii ni ya haraka. Wazee wa kaya ni wachache kila mwaka, na katika baadhi ya sehemu za Kilifi na Kwale mvi zenyewe zimekuwa sababu ya mtu kutuhumiwa uchawi na hata kuuawa. Kila mzee anayeuawa kwa tuhuma hiyo huondoka na masimulizi pamoja na utaratibu wa ibada kwa mara moja. Msitu unaweza kubaki umesimama, na fingo likabaki chini yake, bila kuwapo mtu wa kueleza lilitoka wapi wala nani ana haki ya kulikaribia.