Dawa za Wazee Zipimwe, Ziandikwe

Wako miongoni mwetu watu ambao wakisikia habari za mganga wa miti shamba hucheka. Wako na wengine ambao kila kitokacho katika kibuyu cha mganga hukimeza pasipo kuuliza. Sisi twaona kuwa wote wamepotea njia.

Na tuitazame China. Mwaka 1969 bibi mtaalamu, Tu Youyou, alipewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria. Hakuwadharau wahenga. Yeye na wenzake walikusanya maelekezo ya dawa za kale zaidi ya 2,000. Mmea mmoja, uitwao qinghao, uliwatia tumaini, kisha ukawavunja moyo, maana leo ulifaa na kesho haukufaa. Ndipo aliporudia kitabu cha tabibu Ge Hong, aliyeishi miaka zaidi ya 1,600 iliyopita, akaona kuwa mzee yule hakuuchemsha mmea, bali aliuloweka katika maji na kuukamua. Kumbe moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa! Akaitoa kwa joto dogo, na Oktoba 1971 ikaviua vijidudu vyote vya malaria katika panya. Kabla ya kupewa wagonjwa, aliinywa yeye mwenyewe. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel, na dawa mseto tupewayo hospitalini yatokana na mmea huo.

Neno lile lisingeandikwa, lingezikwa na mwenyewe. Lisingepimwa, lingebaki neno tu.

Wazee wetu wengi hawakuandika. Tena waganga huficha siri zao kwa kuogopa kunyang'anywa, na hofu hiyo si ya bure. Mwaka 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya iliwapa Wamarekani haki ya dawa ya kuua kuvu itokanayo na mwarobaini, mti ambao Wahindi wameutumia tangu kale. Hataza hiyo ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005, kwa kuwa waliopinga walileta ushahidi kwamba jambo hilo lilikwisha julikana.

Je, sisi tukiibiwa, tutaleta ushahidi gani? Muhimbili utafiti wa dawa za asili ulianza mwaka 1974. Kazi hiyo yataka fedha, nayo yataka waganga waitwe kwa heshima, elimu yao iandikwe kwa majina yao, na faida ikipatikana wapewe fungu lao. Nao wakubali dawa zao zipimwe, isiyofaa itupwe.

Mali bila daftari hupotea bila habari.