Mkaa wa Bujumbura hupotelea mlimani

Mama wa Buyenzi anayenunua mkaa huchagua vipande vigumu, visivyo na vumbi. Hajui kwamba sehemu kubwa ya moto aliostahili kuupata imekwisha kupotea juu mlimani, upande wa Bugarama, mikaratusi ilipofukiwa chini ya udongo na kuchomwa.

Kuni ni nishati jadidifu kwa sharti moja: ukataji usiushinde uotaji. Mkaratusi hulitimiza kwa urahisi, maana kisiki kilichokatwa vizuri huchipua chenyewe, na baada ya miaka 6 hadi 8 mashina huwa tayari tena. Msitu wa asili wa Kibira hauna mwendo huo. Tena ndio unaotunza maji yanayoendesha mitambo ya umeme ya Rwegura, kwa hiyo gunia la mkaa linaloibwa Kibira huudhuru hata umeme wa mjini.

Tuje kwenye tanuru. Kilo 100 za kuni zilizokauka kwa hewa zina joto la takriban megajuli 1,500. Tanuru la kienyeji la udongo hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa; tuseme 15. Kilo moja ya mkaa ina kama megajuli 30, basi zimebaki 450. Zaidi ya theluthi mbili za joto zimetoka na moshi. Kuni zikiwa mbichi hasara huzidi, kwani karibu nusu ya uzito wake ni maji, na ni lazima sehemu ya kuni zenyewe iungue ili kuyakausha.

Dawa yake inajulikana. Tanuru la Casamance, lililoenea kutoka Senegal, ni lundo lilelile la udongo lililoongezewa bomba la moshi, mara nyingi la mapipa ya mafuta yaliyounganishwa. Bomba huuvuta moshi wa moto upite chini, katikati ya kuni, kabla ya kutoka. Mchomaji stadi mwenye kuni kavu hufikia kilo 25 au zaidi.

Ila mchomaji anayedaiwa hawezi kungoja wiki kadhaa kuni zikauke. Mpango wa upandaji miti wa Ewe Burundi Urambaye, ulioanza mwaka 2018, naupongeza kwa dhati, lakini naona mchomaji naye apewe mafunzo na mkopo wa kumvusha kipindi hicho. Tanuru likipanda kutoka kilo 15 hadi 25, miti 60 itatoa mkaa uliokuwa ukimaliza miti 100.