Piza ya Shilingi 1,000 Malindi: Pesa Zinaenda Wapi?

Malindi na Waitaliano wamejuana tangu miaka ya 1960, wahandisi wa San Marco, mradi wa anga wa Italia, walipoweka mitambo yao baharini karibu na Ngomeni. Setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka hapo tarehe 26 Aprili 1967. Baadaye wakaja watalii, wakaja waliojenga nyumba wakabaki, na migahawa yao ikafuata. Siku hizi hata kijana wa bodaboda anaweza kukusalimu Kiitaliano. Lakini wenyeji wengi bado wanaipita migahawa hiyo kwa nje, wakisema unga na nyanya haviwezi kugharimu pesa zote hizo.

Kuhusu unga, wana haki. Chama cha piza halisi ya Napoli, kilichoanzishwa mwaka 1984, kina vipimo vyake: lita 1 ya maji hukandwa na unga wa ngano kati ya kilo 1.6 na 1.8, chumvi gramu 40 hadi 60, na hamira kidogo sana. Ukikata madonge ya gramu 250, unapata kama 11. Kila piza basi imebeba gramu 155 hivi za unga, na pakiti ya kilo 2 inatoa piza 12 au 13. Hata ukiinunua pakiti hiyo kwa shilingi 200, unga wa piza moja ni kama shilingi 16.

Jibini ndiyo inayokula pesa. Piza ya Margherita huwekwa gramu 80 hadi 100 za mozzarella, na kilo moja ya jibini hiyo huhitaji takriban lita 10 za maziwa ya ng'ombe. Maana yake, juu ya piza yako kuna karibu lita nzima ya maziwa. Mtu akikuuzia piza ya bei ya kutupa, chunguza kwanza kilichoyeyuka juu yake.

Sasa tufanye hesabu ya bili. Tuseme umekula kwa shilingi 1,000, na bei ya menyu imeshajumlisha VAT ya asilimia 16 pamoja na ushuru wa utalii wa asilimia 2. Kodi hizo mbili ni shilingi 153, mwenye mkahawa anabaki na 847. Na usidhani VAT ni ya hoteli kubwa tu. Kiwango cha kujisajili ni mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka, yaani kama 13,700 kwa siku. Wateja 14 wa shilingi 1,000 kila mmoja wanatosha kukufikisha hapo.

Wenye migahawa hujitahidi vyakula vya jikoni visizidi theluthi ya mauzo. Tuchukue asilimia 30 ya ile 847: zinaondoka 254, zinabaki 593. Hizo ndizo za kulipa kodi ya nyumba, mishahara, kuni, umeme na maji. Tuseme gharama hizo ni shilingi 12,000 kwa siku, watu waje wasije. Gawanya kwa 593. Wateja 20 wa mwanzo hawajamrudishia mwenye mkahawa gharama hizo. Ni wa 21 anayemtoa kwenye hasara.

Mkahawa ukiwa na viti 40 vilivyojaa, unabaki na kama shilingi 11,700. Wakija watu 15 tu, umepoteza zaidi ya 3,000. Mpishi ni yuleyule na tanuri ni lilelile. Piza ya Napoli huiva kwa sekunde 60 hadi 90 katika joto la nyuzi 430 na zaidi, na tanuri halifiki joto hilo kwa dakika tano: kuni zimeshaungua kabla ya mteja wa kwanza kuketi. Madonge nayo hulala saa 8 hadi 24 yakiumuka, kwa hiyo yamekandwa kabla hujaamua kama utatoka usiku huo.

Ndiyo maana mimi nauheshimu mkahawa unaokuacha ukae saa mbili na sahani moja ya tambi, watoto wakizunguka meza, bila weita kukuletea bili kabla hujaiomba. Kiti chako kingeweza kukaliwa na mtu mwingine. Ukarimu huo una bei, na kwa hesabu yetu ni shilingi 593 kwa kila kiti ambacho kingepata mteja wa pili.

Hata hivyo, Desemba si mwezi wa kuupima mkahawa wa mtaani. Upime Mei, masika yakinyesha, watalii wamerudi kwao na baadhi ya hoteli zimefunga. Wakati huo anayeshikilia mishahara ya vijana wa jikoni ni mkazi wa Malindi. Basi ukiwa na shilingi 1,000 ya kujistarehesha, ipeleke Jumanne ya mvua. Dai risiti, na bahashishi mpe weita mkononi mwake.