Kuiokoa Diski ya Harusi

Je, kabatini kwenu mna diski ya harusi? Yetu ni ya mwaka 2009. Ndani yake ayeeyo, yaani nyanya yangu, anaimba buraanbur pamoja na akina mama wenzake. Ayeeyo hayupo tena duniani, na sauti yake hatuna pengine popote. Basi mwaka huu diski ikaanza kukwama.

Diski za kurekodia si kama zile za kiwandani. Zina tabaka la rangi ambalo leiza huliunguza ili kuweka alama. Rangi hiyo huharibiwa na jua na joto, na joto la Garissa sote twalijua. Ongeza vumbi na mikwaruzo!

Dawa ni kutoa nakala nzima, faili moja iitwayo ISO. Hii si kunakili vipande vipande. Diski yote husomwa sekta kwa sekta, kila sekta baiti 2048, hivyo menyu na mpangilio hubaki vile vile. Diski ya tabaka moja hubeba hadi gigabaiti 4.7, kwa hivyo angalia nafasi kwanza.

Kwenye tarakilishi ya Linux, kisoma diski kwa kawaida huitwa /dev/sr0. Diski ikiwa nzima, andika:

dd if=/dev/sr0 of=harusi.iso bs=2048

Lakini dd haina subira. Ikigonga mkwaruzo, yasimama. Yetu haikufika hata nusu. Hapo ndipo utaihitaji programu nyingine:

ddrescue -b 2048 -r3 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Hii huruka penye ubovu, huchukua pazuri kwanza, kisha hurudia pale pabaya mara 3. Ile harusi.map ndiyo daftari lake. Hata stima ikipotea (na kwetu hupotea!), rudia amri ile ile, itaendelea ilipoachia. Waweza pia kuitoa diski, uipanguse kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, bila kuzungusha, ujaribu tena.

Sinema za dukani ni habari nyingine. Nyingi zina kufuli, halafu zina wenyewe, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Mimi nasema za nyumbani tu.

Yetu ilichukua usiku kucha. Sasa iko kwenye flashi mbili, moja kwetu, moja kwa mjomba. Picha inaganda kidogo pale watu wanapogawiwa nyama ya ngamia, lakini ayeeyo anaimba hadi mwisho.