Katwe: chumvi upande huu, samaki upande ule

Wengi wanaonunua chumvi Mpondwe hawajafika inakotoka. Katwe, wilayani Kasese, ni mji mdogo uliobanwa kati ya maziwa mawili: ziwa la chumvi lililo ndani ya kreta, na Ziwa Edward, ambalo Uganda inalichangia na Kongo. Hapa jua kali huombewa. Likiwaka, maji ya vidimbwi hukauka na chumvi huganda; mvua ikinyesha, huyeyuka, na mchuuzi wa Bwera hungoja.

Maji hayo huwasha ngozi kweli kweli. Ndiyo maana jioni ufukwe wa Edward, wenye maji baridi na ngege wabichi, ni raha tupu. Ila giza likiingia kila mtu hurudi nyumbani, maana viboko hupanda kula majani hadi mitaani.