Maadui wa Zamani, Upande Mmoja wa Wavu

Dominique Bizimana na Jean Rukondo walipata kuwa maadui vitani. Bizimana alikuwa mpiganaji wa RPA. Rukondo alikuwa askari wa serikali iliyoangushwa mwaka 1994. Wote wawili walipoteza mguu. Mwaka 2012 walikwenda London wakiwa wamevaa jezi moja, katika timu ya Rwanda ya mpira wa wavu wa kuketi, timu ya kwanza ya mchezo huo kutoka kusini mwa Sahara kufika kwenye Michezo ya Olimpiki ya Walemavu.

Uwanja wa mchezo huo una urefu wa meta 10 na upana wa meta 6, na wavu wa wanaume huinuliwa meta 1.15 tu. Miguu ya bandia kwa kawaida huvuliwa na kuwekwa kando. Mchezaji hujisogeza kwa mikono, na mikono hiyo hiyo ndiyo ya kuupiga mpira, naye sharti makalio yake yaguse sakafu. Kijana mwenye miguu yake miwili akiketishwa hapo kwa mara ya kwanza, mpira humpita.

Huko London Rwanda ilikuwa ya 9 kati ya timu 10. Dhahabu ilitwaliwa na Bosnia na Herzegovina, nchi ambayo nayo ilikuwa vitani tangu 1992 hadi 1995. Wanawake wa Rwanda walifuata Rio mwaka 2016, na mwaka 2021 mjini Tokyo wakaifunga Japani.

Lakini linalostahili kutazamwa zaidi ni nani aliyeyaandaa hayo. Bizimana hakungoja kuitwa; alikuwa miongoni mwa walioanzisha Kamati ya Olimpiki ya Walemavu ya Rwanda mwaka 2001. Kadhalika katika siasa: Katiba ya mwaka 2003 iliwatengea wenye ulemavu kiti kimoja kati ya 80 vya Baraza la Wabunge mjini Kigali, na wanaomchagua mbunge huyo ni wawakilishi wa walemavu wenyewe. Mwaka 2011 sheria ikaunda Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Kiti kimoja ni kidogo, na anayekikalia huwasemea vipofu, viziwi na viwete kwa pamoja, watu ambao haja zao hazifanani hata kidogo. Hata hivyo, ni afadhali kuliko kusemewa na mtu asiyejua uzito wa gongo kwapani.

Ugumu mkubwa uko nyumbani. Askari anaporudi bila mguu, mke, mama na dada humzunguka kwa mapenzi. Humwogesha hata pale anapoweza kuoga mwenyewe. Daktari humweleza mkewe jinsi ya kutunza kidonda, na mwenye kidonda ameketi papo hapo akisikiliza habari zake kama za jirani. Ada ya shule hushikwa na mdogo wake. Neno lile la "wasiojiweza" huanzia hapa, kwa watu wasio na nia mbaya.

Siku wazee wa ukoo wanapokutana kupanga mahari ya binti yake, huambiwa apumzike chumbani, asije akachoka. Kumbe binti ni wake, na mguu hauhitajiki katika kuhesabu ng'ombe.