Soma Bili ya Dawa Kabla ya Kulipa

Mgonjwa anayeongezewa damu mara nyingi hulimbikiza madini ya chuma mwilini. Chuma kikizidi huharibu moyo na ini. Iko dawa ya sindano ya kukitoa. Inaitwa deferoksamini.

Huko Marekani dawa hii huandikwa kwenye bili kwa namba J0895. Kipimo kimoja cha kulipia ni miligramu 500. Kichupa cha gramu 2 kina miligramu 2,000. Basi hivyo ni vipimo vingapi?

2,000 ÷ 500 = 4.

Karani akiandika 1, hospitali hupata hasara. Akiandika 8, mgonjwa au bima yake hulipa mara mbili.

Nawe soma bili yako. Piga hesabu. Usione haya kuuliza kabla ya kulipa.